Truphosa na Alto Tisa

Truphosa alipofika Birmingham mwaka 1967 kusomea unesi, alikuwa na sanduku moja, koti la kuazima na anwani ya mjane wa Kiwelshi aliyepangisha chumba cha juu katika nyumba yake ya Handsworth. Mjane huyo aliitwa Eluned Pugh. Alimkaribisha mgeni kwa chai nzito, akamwuliza maswali matatu: kama anavuta sigara, kama anakwenda kanisani, na kama anaimba sauti ipi. Truphosa alijibu kwamba havuti, anakwenda, na ni alto, ile sauti ya chini ya wanawake.

"Basi kaa," akasema Bi Pugh, kana kwamba mambo ya kodi yalikuwa madogo.

Jumapili ile wakaenda pamoja kwenye kanisa la Wawelshi. Ibada nzima ilikuwa kwa Kiwelshi, na Truphosa hakuambulia ila "Amina". Baada ya ibada kwaya ikabaki kufanya mazoezi katika chumba cha nyuma, na hapo ndipo alipoiona. Ilining'inia ukutani, karatasi ndefu iliyobandikwa kwenye kitambaa, imekuwa ya kahawia kwa uzee: do chini, juu yake re, juu yake mi, zikipanda kama ngazi hadi darini. Ilikuwa ngazi ileile ya shule yao ya misheni karibu na Butere. Mwalimu Shem alikuwa ameichora kwa makaa kwenye gunia la unga, akaitundika kwenye msumari, na kila asubuhi alizigusa herufi zake kwa fimbo huku watoto wakiimba alichogusa. Aliyekosea alisimama kwa mguu mmoja. Miaka yote hiyo Truphosa aliamini kwamba solfa, yaani kuimba kwa herufi hizo, ilikuwa uvumbuzi wa Mwalimu Shem mwenyewe.

Akacheka kwa sauti. Kwaya nzima ikageuka kumtazama.

Wakampa kitabu. Maneno yalikuwa magumu kama changarawe mdomoni, lakini juu ya maneno kulikuwa na herufi za solfa, na hizo alizijua kabla hajajua kusoma. Aliimba sauti ya alto kuanzia ubeti wa kwanza hadi wa mwisho bila kuteleza. Mama mmoja akamnong'oneza Bi Pugh, kumbe msichana huyu anajua Kiwelshi?

"Hajui hata neno," akajibu Bi Pugh. "Lakini anaimba kukushinda wewe."

Hivyo ndivyo alivyoingia. Kiwelshi chenyewe alikuja kukijua polepole, kwanza kwa nyimbo, kisha kwa magomvi ya jikoni, kwa kuwa Bi Pugh alikasirika kwa Kiwelshi tu. Mwenzake wa wodini, Moraa kutoka Kisii, hakuacha kumtania. Alisema watu wanavuka bahari kuja kujifunza Kiingereza, wee Truphosa umevuka ukajifunza lugha ambayo hata Waingereza hawaijui. Utamwombea nani kazi kwa lugha hiyo? Truphosa alinyamaza na kuendelea kutandika vitanda. Kunyamaza kulikuwa kipaji chake. Wauguzi wakuu walimsifu kwa hilo, na yeye alijua vizuri kwamba hawakuwa wakimsifu.

Januari ya mwaka 1972 kwaya ikapata mwalimu mpya. Aliitwa Hefin, kijana wa miaka ishirini na minane aliyezaliwa na kukulia Sutton Coldfield, mwana wa daktari wa meno Mwelshi, mwenye shahada ya muziki na skafu ndefu ya rangi ya zambarau. Alikuwa fundi kweli. Hilo hakuna aliyelikana. Mwezi wa Machi Wawelshi wa miji ile ya katikati ya Uingereza walikuwa na eisteddfod yao, yaani mashindano ya mashairi na nyimbo, ambayo washairi huyaingia kwa majina ya kujificha na mshindi huketishwa kwenye kiti kilichochongwa kwa ajili yake. Hefin alitaka kwaya ile ndogo ishinde.

Wimbo wa mashindano ulitungwa juu ya shairi la muuza vitambaa mstaafu wa kanisa lao, aliyepata kiti mwaka uliotangulia. Shairi lilisimulia bonde la Wales lililofunikwa na bwawa ili Birmingham ipate maji. Nyumba zilizama, kanisa likazama, na mshairi aliyaona mabenchi bado yamepangwa chini ya maji, yakingoja waimbaji. Mama yake Bi Pugh alihamishwa kutoka bonde kama hilo akiwa msichana. Bi Pugh hakupenda kulizungumzia, ila kila alipofungua bomba la jikoni alisema, "Haya, maji ya bondeni kwetu yamefika tena."

Ubeti wa mabenchi walipewa alto. Walikuwa tisa, Truphosa akiwamo, na wanane kati yao walikuwa na mvi. Hefin aligawa karatasi mpya za wimbo. Zilikuwa na mistari mitano na noti nyeusi zilizokaa juu yake kama ndege kwenye waya wa simu, na hapakuwa na herufi hata moja ya solfa. Bi Pugh aliigeuza karatasi yake upande wa pili, akidhani herufi ziko nyuma.

Hefin akaeleza, kwa adabu, kwamba wakati umebadilika. Kwaya inayojiheshimu husoma noti za mistari. Alisema solfa ilikuwa na kazi yake zamani, lakini ni kitu cha wachimba migodi na misheni za Afrika. Kisha akamwona Truphosa, akawa mwekundu hadi masikioni, akaongeza kwamba hakumaanisha yeye. Akamalizia haraka: Jumamosi ya tarehe kumi na tisa Februari kutakuwa na mtihani wa kusoma. Atakayeshindwa atakaa na wasikilizaji siku ya mashindano, na nafasi za alto zitajazwa na wanafunzi wa chuo cha muziki.

Njiani kurudi, ndani ya basi la Soho Road, Bi Pugh alisema ameimba tangu ana miaka minne, sasa ana sitini na sita, labda inatosha. Alisema atakaa nyuma na kusikiliza, mbona wengine hufanya hivyo. Aliyasema akitazama nje, na glavu zake alikuwa amezikunja mara nne.

"Hutakaa nyuma," Truphosa akasema.

Bi Pugh akageuka. Katika miaka mitano hakuwahi kusikia sauti hiyo.

Jambo alilotaka kulifanya lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitenda. Hakujua noti za mistari, lakini masikio alikuwa nayo. Kwenye mazoezi mpiga kinanda aliipiga kila sauti peke yake mara mbili tatu. Truphosa alikaa na penseli, akaiandika sauti ya alto kwa solfa jinsi alivyoisikia. Karatasi alizichukua wodini, chati za kupimia joto la wagonjwa zilizochapwa vibaya ambazo sista wa wodi alikuwa ameamuru zitupwe. Nyuma yake zilikuwa safi. Kwa mazoezi mawili akapata ubeti wa kwanza na wa mwisho. Ubeti wa mabenchi ukamkataa. Kila alipouimba kutoka kwenye karatasi yake ulitoka mchungu, kama maziwa yaliyolala, na hakuona alikokosea.

Moraa alimkuta wakati wa chai akiwa na chati mapajani, anaguna.

"Wewe na vita vya wazungu kwa wazungu," akasema. "Vinakuhusu nini, dada? Jifunze hizo noti zao, uimbe, urudi nyumbani."

"Nikijifunza mimi, wale mama wanane je?"

"Wale mama wana nchi yao."

"Amesema ni kitu cha misheni za Afrika, Moraa. Alivyolisema ni kama mtu anayefuta kiatu."

Moraa alinywa chai yake hadi mwisho. Kisha akasema kama ni hivyo, basi aandike kwa kalamu ya wino, penseli inafifia.

Lile fumbo lilifumbuka katika chumba cha kuoshea vyombo vya choo vya wagonjwa, maji ya moto yakivuma. Truphosa alikuwa akiuimba ubeti uleule kwa sauti ya chini, na ghafla akamkumbuka Mwalimu Shem akiigonga ngazi na kusema wimbo unaweza kuhama nyumba, na ukihama, do nayo huhama nao. Noti inayovusha, lile daraja, ina majina mawili, la nyumba ya zamani na la nyumba mpya. Truphosa alikuwa ameendelea kuiita so noti ambayo tayari ilikuwa do. Aliacha vyombo kwenye maji, akaandika daraja lile kwenye kiganja cha mkono. Jioni ile yeye na Bi Pugh walinakili karatasi tisa kwa wino, na kwa kuwa migomo ya wachimba makaa ilikuwa imeleta mgao wa umeme, walimalizia kwa mishumaa, Bi Pugh akilaani kwa Kiwelshi kila nta ilipodondoka. Alto walikutana jikoni kwake mara nne. Hefin hakuambiwa.

Jumamosi ya mtihani, saa tisa mchana, baridi ilikuwa kali na wote walivaa makoti ndani ya chumba cha nyuma. Hefin aliita alto kwanza. Walisimama tisa kwa mstari, kila mmoja na chati yake ya hospitali. Upande uliomkabili Hefin ulikuwa na miraba ya joto na mapigo ya moyo. Wakaimba ubeti wa mabenchi. Waliuimba wote, pamoja na daraja lake, na wanaume wa besi wakaacha minong'ono yao.

Hefin alishuka kutoka kwenye jukwaa dogo, akachukua chati ya Truphosa, akaitazama pande zote mbili. Akasema ni kazi nzuri sana, lakini si kusoma. Wameukariri wimbo. Mtihani ulikuwa wa kusoma. Kisha akapunguza sauti, akamwambia Truphosa kwamba yeye ana sikio la ajabu, kwamba atamhifadhia nafasi yake, na atamfundisha noti mwenyewe bila malipo. Wengine, pole, lakini kanuni ni kanuni.

Bi Pugh alikuwa ameanza kukunja karatasi yake. Truphosa alimshika mkono.

"Asante, Bwana Hefin. Siitaki nafasi hiyo."

"Unajua ninachokupa?"

"Najua. Unanipa mimi ili uwatoe hawa. Umesema hatusomi. Ngoja tusome."

Akatoka kwenye mstari, akachukua fimbo ya kufungulia madirisha ya juu, akaenda kwenye ngazi ukutani. Akagusa do. Alto wanane wakaimba do. Akagusa so, akashuka mi, akaruka la, akashuka re, akapanda ti. Wanane wakamfuata bila kusitasita, kama watu wanaopanda ngazi za nyumba yao gizani. Hakuna aliyekuwa amekariri hayo, kwa sababu hata Truphosa hakujua fimbo itakwenda wapi. Akahamisha nyumba katikati, wakahama naye. Mzee mmoja wa besi, aliyewahi kuchimba makaa, akaanza kuimba kutoka alipokaa bila kualikwa, na wanaume watatu wa sauti ya tenor wakafuata.

Truphosa akasimamisha fimbo.

"Sasa wewe, mwalimu. Njoo utusomee."

Hefin angeweza kukataa, na hilo lazima lisemwe kwa heshima yake, kwamba hakukataa. Alisimama mbele ya ngazi, akavuta skafu yake, na Truphosa akaanza kugusa. Do, so na mi alizipata. Ya nne akaanguka, ya tano akakisia, ya sita akacheka peke yake na kunyamaza. Hakuna aliyemwambia asimame kwa mguu mmoja, ingawa Truphosa alilifikiria.

"Huko ndiko kusoma," Bi Pugh akasema kwa Kiingereza, ili kusiwe na udhuru wa lugha. "Tisa tunaimba, au hakuna alto. Hao wa chuo walete, wakaimbe juu ya bonde wasilolijua."

Hefin alitazama mstari wa wanawake wale, mmoja baada ya mwingine, akitafuta atakayeinamisha macho. Hakumpata. Akarudi jukwaani akafungua karatasi zake, akasema, kwa sauti iliyokauka, wimbo uanzwe tangu mwanzo, sauti zote nne.

Siku ya mashindano kamati iliwataka waimbaji wote wabebe majalada meusi yanayofanana. Alto walipanda jukwaani na chati zao mkononi. Mwamuzi aliwapa nafasi ya pili kati ya kwaya nne, akaandika kwamba waimbaji wa tenor walikuwa na sauti nyembamba na kwamba ubeti wa alto ulimfanya asahau kuandika. Bi Pugh aliona nafasi ya pili ni dhuluma, na akalisema hilo hadi Pasaka.

Jumanne iliyofuata Hefin alimngoja Truphosa mlangoni baada ya mazoezi. Hakuomba radhi, labda hakujua jinsi ya kuanza. Alisema tu kwamba wanaume wa tenor wameomba wimbo ujao uandikwe kwa solfa, na yeye hajui kuandika. Je, Truphosa angemwandikia?

Truphosa alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, hadi cha juu.

"Sitakuandikia," akasema. "Nitakufundisha. Alhamisi saa kumi na mbili jioni, jikoni kwa Bi Pugh. Uje na kalamu."