Keki Niliyomwekea Mama

Nichekeni mkitaka. Mama hakuiona harusi yangu: yeye alikuwa Goma, mi Gisenyi, na mpaka ulifungwa wiki ile. Nikaapa kumwekea keki yake. Nilitengeneza mbili zilizofanana: moja ya kweli, ya mama, nyingine karatoni ya sabuni niliyoipaka sukari, pambo la meza. Moja nikaifungia kabatini. Ile ya mezani wakwe waliila wakaisifu, nami, bibi harusi mzima, sikujiuliza karatoni inaliwaje!

Mpaka ulipofunguliwa, nilivuka na keki kichwani. Tulikumbatiana, tukalia, mama akaita majirani wote. Akakata. Kisu kikagoma, sukari ikabanduka, yakatokea maandishi ya sabuni.

Mama akalamba kidole.

"Bon, sukari iko tamu. Na keki yangu, nani alikula?"