Supa twita zilinionyesha nilichokuwa nafichwa

Admin, ficha jina langu, maana hapa Busia tunajuana sana. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na sita, nina mke na watoto wanne, nalima huku Sikuda. Miaka kumi na tisa nimekuwa mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Sinywi, sitembei ovyo. Starehe yangu ni muziki sebuleni, kwenye spika zangu mbili kubwa.

Mwezi wa tatu mdogo wangu, tumbo moja, fundi wa redio kule Tororo ambaye Jumapili husali na sisi, aliniletea supa twita mbili. Ni vispika vidogo vya kuweka juu ya spika kubwa, vinatoa ile sauti nyembamba kabisa. Tulizifunga baada ya ibada, akatia kapasita ili besi isiziunguze, tukaweka rekodi ya kwaya yetu wenyewe.

Mdogo wangu akafumba macho akitabasamu. Mimi sikusikia kipya chochote. Nikamwambia zimekufa. Akabadilisha waya, akazichomoa, akazirudisha, kila mara akiniuliza kama nasikia tofauti. Mke wangu akatoka jikoni na unga mikononi, akaomba tupunguze, eti kayamba zinamchoma masikio.

Kayamba gani? Katika wimbo ule mimi sikusikia kayamba hata moja.

Nikakaa chini. Mdogo wangu alielewa kabla sijafungua mdomo. Nilimwomba habari ya masikio yangu kufifia isitoke mle ndani, akaapa.

Wiki tatu baadaye kamati ya kanisa ikaniita. Walinishukuru, wakaniombea, wakasema nipumzike kwa sababu ya masikio. Mwalimu mpya ni mdogo wangu.

Nilirudi nyumbani. Nikamwambia mke wangu nakwenda Tororo, na nikitoka huko sina tena ndugu. Akanishika mkono.

"Si yeye," akasema. "Ni mimi niliwaambia."

Akaeleza kwamba karibu mwaka mzima sauti ya kwanza, ile nyembamba ya juu, wanaimba nje ya noti, na mimi nasimama pale mbele nawapongeza. Vijana wanaigiza mikono yangu nyuma ya kanisa. Yeye mwenyewe anaimba sauti ya kwanza, alikuwa anayaona yote, akachoka kuona mume wake anachekwa. Nikamuuliza mbona hakuniambia mimi kwanza.

"Nilikuambia. Ukaniuliza najua nini kuhusu muziki."

Ni kweli, ndugu zangu. Nilisema hivyo, tena mbele ya watoto.

Supa twita nilizifungua siku hiyo hiyo nikazitia kwenye boksi. Mdogo wangu amekuja mara mbili kuniomba nirudi nifundishe besi, kwa sababu besi bado naisikia vizuri. Jumapili mke wangu anavaa joho anakwenda, mimi nabaki na kuku. Akirudi ananiwekea chakula, nakula, hatuongei. Moyo wangu umejaa uchungu juu ya watu wawili ambao hawakunidanganya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hata wa kumlaumu sina.

Nishaurini kwa upole, mimi si kijana. Nirudi nisimame chini ya mdogo wangu, mbele ya walewale walionicheka? Na mke wangu nitaanzaje kumsemesha, wakati anayepaswa kuomba msamaha labda ni mimi?