Nilimshika mama mkwe mkono kwa sababu ya "sumu inayotoka"

Admin, nifichie jina, huku Tarime tunajuana mpaka mlio wa pikipiki. Wakubwa shikamooni. Mimi ni mwanaume wa miaka 39, nina mke, watoto wanne na mashine mbili za kusaga. Sikurithi kitu. Nilianza kwa kubeba mahindi ya watu kwa baiskeli kutoka Gorong'a, leo nina kirikuu yangu ya kubebea mizigo. Gunia nikilinyanyua tu nakwambia limepungua kilo ngapi. Nawaambia haya mjue mimi siyo mtu wa kudanganywa kirahisi, ila safari hii sijui.

Kwa miaka mingi nimewashwa mwili. Nimejikuna mpaka damu, nimepaka dawa za hospitali, nimekunywa mizizi ya kila mzee, wapi. Mwaka jana rafiki akaniunga kwenye kundi la simu. Wanasema vitamini A ndiyo sumu, imejaa kwenye ini, usipoila itatoka yenyewe. Nikaacha maini, mayai, maziwa, karoti, viazi lishe, maembe, mchicha, hadi mgagani. Mafuta ya kupikia nayo nikaacha, maana kopo limeandikwa yameongezewa vitamini A. Nikabaki na ugali mweupe, wali, maharage na steki ya kuchemsha. Mkurya anayekataa maziwa! Mke wangu akaniuliza, "Umeokoka dhehebu gani hilo?" Nikacheka. Na kweli, miezi ya mwanzo muwasho ulipungua. Ndiyo maana niliamini.

Kisha midomo ikapasuka. Viganja vikababuka kama ganda la kitunguu. Macho yakawa makavu, nikipepesa ni kama yana pumba ndani. Nikiandika kwenye kundi wananijibu, "Hongera kaka, sumu inatoka, vumilia." Hali ikizidi kuwa mbaya, hongera nazo zinazidi. Nikauliza, mimi ni mtu wa hesabu: inatoka kwa kipimo gani, imebaki kiasi gani, mzani uko wapi? Kwenye mashine yangu huwezi kuniambia mzigo umepungua bila kuupima. Kiongozi wa kundi akasema maswali ya namna hiyo yanaletwa na sumu yenyewe ikifika kichwani.

Jua likianza kuzama nikawa sioni. Mchana naona vizuri, jioni watu wanageuka vivuli. Sikumwambia mtu. Dereva asiyeona jioni nani atampa mzigo? Nikawa nasingizia vumbi la mashine.

Mwezi uliopita tulikwenda ukweni, Kisaka, kumwona baba mkwe anayeumwa mgongo. Jioni nikatoka kuchukua simu kwenye gari. Nikirudi nikaona kivuli cha mwanamke mlangoni, kanga begani, kimo kilekile cha mke wangu. Nikanyoosha mkono nikamshika, nikamwegemea kabisa, nikasema, "Mama watoto, niongoze ndani, sioni." Mkono ule haukujibu. Ulikuwa mgumu na mdogo. Alikuwa mama mkwe.

Wa kwetu wanajua. Kwetu mama mkwe hata njiani hupishani naye karibu, sembuse kumshika na kumwegemea. Hakupiga kelele. Alijifunika kanga usoni, akatoka na kwenda kwa jirani, akalala huko. Mpaka leo hajarudi kwake, wala hapokei simu ya mke wangu.

Shemeji yangu akanicheka mbele ya watu, "Mura, gongo la Sirari limekuonyesha nini leo?" Nikasema sijanywa. Tulipofika nyumbani mke wangu akasema, "Heri ungekuwa umelewa. Ulevi una msamaha wake." Nilitakiwa kuumia. Moyoni sikusikia kitu. Siku hizi sisikii kitu. Mtoto wangu wa mwisho amekuwa wa kwanza darasani, nikasema "vizuri" kama namjibu mteja.

Nikaenda kwa daktari. Akaniuliza ninakula nini, nikamtajia. Akaweka kalamu chini. "Hiyo siyo sumu inayotoka. Mwili wako umeishiwa vitamini A. Ukiendelea, macho haya hayatarudi." Akanipa dawa na kuniambia nirudie chakula cha watu. Dawa ziko kwenye droo. Kwenye kundi wameniambia, "Hospitali lazima iseme hivyo. Ukila ini kipande kimoja tu, miezi yote imemwagika, unaanza upya, na muwasho utarudi mara mbili." Hilo la muwasho ndilo linanishika. Hamjawahi kuwashwa nyie.

Sasa wazee wa ukweni wamekaa kikao. Wanataka mbuzi wa kusafisha ile aibu, Jumamosi hii. Mbuzi siyo tatizo. Tatizo ni baba mdogo wa mke wangu, aliyesema, "Ini la huyo mbuzi achomewe yeye, alile mbele ya mama. Tumesikia anakataa maziwa na mayai ya nyumba hii. Mkono wake umetukosea, kinywa chake tukione." Wote wakakubali. Mama mkwe naye ametuma neno kwamba nikila, atarudi kulala kwake.

Kwa hiyo daktari anasema kula, wakwe wanasema kula, na wale niliowaamini mwaka mzima wanasema ni sumu. Nikila na wakawa sahihi, nimejimaliza. Nisipokula, sina ukwe, na huenda sina macho. Hesabu hii nimeifanya mara nyingi, kila mara inaniambia kula, na kila mara mdomo unakataa.

Jana jioni nilikaa mlangoni pa mashine. Mtu akapita, nikasikia ndala za mke wangu. Nikamwita jina kwanza, nikasubiri aitike, ndipo nikanyoosha mkono. Hakuushika. Alisema, "Nipo hapa, mume wangu, wewe angalia tu." Nikaangalia. Palikuwa na kivuli tu.

Ndugu zangu, mlio na akili iliyotulia, Jumamosi wakinipa lile ini nilimeze?