Minong'ono ya Mkurugenzi

Kazini walimwita Kasuku, naye jina hilo alilipenda. Alikuwa mkalimani wa shirika la kimataifa linalotoa vibali vya meli za mizigo. Kutwa alikaa kwenye kibanda cha vioo, akisema kwa Kiswahili kila alichosikia kwa lugha za watu.

Siku hiyo wajumbe walijadili kama shirika likabidhiwe kampuni binafsi. Kasuku moyoni alishakubali. Kiti chake kilivunjika mguu zamani, na ombi la kingine lilikuwa bado linapigwa danadana ofisi hadi ofisi.

"Waje tu hao wafanyabiashara," alimwambia mumewe asubuhi. "Mwenye mali hachezi na muda."

"Na yeye akiharibu, nani atamuuliza?" alijibu mumewe, fundi cherehani, pini mdomoni.

"Wewe shona!"

Ukumbini, mkurugenzi wa kampuni hiyo alizungumza vizuri kweli. "Kwetu hakuna njoo kesho, wala kitu kidogo." Kasuku alitafsiri kwa mbwembwe, utadhani kampuni ni ya baba yake. Makofi yakapigwa, mapumziko yakatangazwa.

Mkurugenzi akasahau kuzima kipaza sauti. Akamwinamia mwenyekiti: "Mzee wangu, hili likipita, shemeji yako tutampa cheo. Hatusahau fadhila."

Mdomo wa Kasuku ulishazoea kujiendea. Alitafsiri neno kwa neno, akanong'ona vilevile. Alipoinua macho, wajumbe waliokuwa wameanza kusimama walikuwa wameketi tena, vipokea sauti masikioni.

"Mimi sina shemeji!" mwenyekiti akafoka.

"Kha! Na yule uliyempa kazi stoo?" sauti ikauliza kutoka nyuma.

Ukumbi ukaangua kicheko.

Kampuni haikupewa shirika. Lakini mjumbe mmoja, mama mtu mzima, aliwaambia wasijipongeze, maana uozo ulikuwamo humo humo ndani. Wakakubaliana hesabu zikaguliwe na watu wa nje, na maombi madogo yasipite tena kwa wakubwa kumi. Mwenyekiti alijiuzulu jioni ile ile.

Mkuu wa wakalimani akaja kibandani, uso umekunjamana. Kasuku akajua kibarua kimeota nyasi.

"Nani alikutuma utafsiri minong'ono?"

"Bosi, mimi nasema ninachosikia."

Mkuu alijaribu kununa, ikashindikana. Akacheka hadi akajishika mbavu.

Nyumbani mumewe alitaka kujua nani ameshinda, kampuni au shirika.

"Wote wameumbuka," Kasuku alisema, akivua viatu. "Leo pika wewe, mwenzio koo limekauka."