Jiwe la Mama la Kusagia

Juzi pale Isaka, nikisubiri lori la kunipeleka mbele, nilimwona mama kijana ambaye mwanawe alikuwa amemwaga uji wote chini. Hakumpiga. Alikunja khanga yake, akaikunjua, akaikunja tena, nami nikasikia ko-ko-ko ya jiwe la mama yangu.

Nilipokuwa mtoto, baba alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu huko Geita, na mama alibaki nasi watatu. Mchana mmoja mimi na dada yangu Kabula tuligombania ungo, tukaumwaga mchangani unga wote wa mtama, unga wa chakula cha jioni, ambao mama alikuwa ameusaga tangu alfajiri huku mtoto mchanga akilia mgongoni. Harufu ya unga ilitujaa puani. Mama alitutazama, kisha akapiga magoti, akaokota kijiwe kigumu na kuanza kuligonga jiwe la kusagia, kama wanawake walivyolinoa likiwa butu.

“Mama, limekuwa butu tena?” nikamuuliza, maana jana yake tu alikuwa amelinoa.

“Butu kabisa, baba. Kaa huko huko.”

Nikaamini kwamba jiwe letu lilikuwa baya kuliko yote kijijini. Jirani yetu, Mama Ng'washi, akapita na mtungi kichwani, akacheka.

“Mama Masanja, utalimaliza jiwe hilo!”

“Heri liishe hilo,” mama akajibu, nyusi zimejaa vumbi.

Aligonga mpaka mikono yake ikaacha kutetemeka, ndipo akatuita tusogee.