Sahani ya Pili

Juzi nilirudi Sikonge kwenye harusi ya mpwa wangu. Maji ya kunawa yakapitishwa, nikataka kukunjua kiganja changu cha kulia, kikagoma. Kidole cha pete na cha mwisho siku hizi havinyooki, hata nivivute. Nikautazama mkono ule nikaguna. Loo! Huu si wangu, huu ni wa bibi.

Bibi ndiye aliyenilea, pale pale. Kilianza kujikunja kidole kimoja, kikafuata kingine, mpaka likabaki dole gumba na kidole cha shahada tu. Jembe alilishika hivyo hivyo. Michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, aliikata, polepole, akiimba nyimbo za kanisani. Kilichomshinda ni tonge. Basi nikawa namfinyangia mimi, nachovya kwenye mlenda wa karanga, namlisha, naye ananilambisha asali. Hakuniita kwa jina. Aliniita "mkono wangu," nami nikavimba kichwa.

Siku moja jirani yetu alikuja kuomba chumvi. Akaninong'oneza kwamba ugonjwa ule wa bibi ni ukoma, nikiendelea kula naye, vidole vyangu navyo vitajikunja. Mtoto ni mtoto, niliamini. Mchana ule sikukaa mkekani.

"Bibi, naomba sahani yangu."

Alinitazama, kisha akautazama mkono wake. Hakuuliza nani kaniambia.

"Haya," akasema. "Mkono wangu umekua."

Tangu siku hiyo alikula peke yake karibu na mafiga, akiokota ugali vipande vipande, vingine vikimwangukia kwenye khanga. Nilimwona. Nilimwona kila siku, ndugu yangu, na sikunyanyuka. Mpaka anazikwa hatukula tena pamoja.

Mwaka jana daktari wa mjini Tabora alinishika kiganja akaniambia huu si ukoma, hauambukizi, ni ugonjwa wa kurithi. Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Basi mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Nyumba ya bibi haipo tena. Tumbaku imelimwa mpaka palipokuwa na mafiga, na hakuna anayekumbuka mlango ulitazama wapi.

Pale harusini binti mdogo wa kaka yangu alikuja kukaa nami, tukaletewa ugali kwenye sinia moja. Akanawa, akanisogelea. Nikauficha mkono chini ya meza, na kabla hajasema neno, nikaomba niletewe sahani yangu.