Godoro la Mama Ndani ya Viti vya Gari

Saa tatu asubuhi, kwenye yadi ya vyuma chakavu, fundi wa viti vya magari anachomoa uzi mmoja kwenye kochi lililopasuka, anauwasha kwa kiberiti, ananusa. Uzi unayeyuka na kuacha kidonge cheusi. Anautupa.

"Plastiki," anasema. "Singa ya farasi ikiungua inanuka nywele. Hii inanuka ndoo."

Wenzake wanamwita Mzee Sufu, ingawa ana miaka hamsini na nne tu. Kazi yake ni kurudishia magari ya zamani viti na matandiko kama yalivyotoka kiwandani: singa, yaani nywele za mkia wa farasi, ndani ya viti, na sufu nzito iliyoshindiliwa chini ya zulia. Sufu huipata kwa madobi, kwenye meza kuukuu za kupigia pasi. Singa ndiyo inayomtoa jasho. Miezi minane sasa, yadi kumi na moja, na alichookota hakijafika hata kilo moja.

Wala hana gari la kutengeneza. Anatafuta godoro la mama yake.

Mwaka jana mteja mmoja alimletea gari linalomzidi fundi mwenyewe umri, akampa sharti kwamba kila kitu kiwe cha asili, maana lilikuwa linakwenda kwenye maonyesho. Sufu ilipatikana. Singa ikakosekana kabisa, na siku zikawa zinayoyoma. Ndipo fundi alipolikumbuka godoro la mama yake, bibi wa miaka themanini na tatu mwenye mgongo mbovu. Marehemu baba yake, naye fundi viti, alilishona kwa mkono wake kabla ya kuoa. Ndani yake mlikuwa na kilo kumi na mbili za singa tupu.

Aliomba huku akitazama chini, akaahidi kumrudishia baada ya miezi miwili. Mama hakubisha.

"Chukua, mwanangu," alimwambia. "Baba yako angekupa. Ila usinisahau, sponji inaniua kiuno."

Fundi alichambua singa kwa vidole siku tatu, akaianika, akajaza viti, akashona. Anasema hajawahi kushona vizuri namna ile.

Kisha akakosea, na kosa lenyewe linamchoma mpaka leo. Kila fundi wa singa anajua kwamba kiti kipya huwa kigumu mwezi mzima, mpaka kikaliwe na kuzoea mwili. Mteja huambiwa kabla ya kupewa ufunguo. Yeye hakumwambia.

"Kichwa kilikuwa kimenivimba," anasema. "Namwangalia anavyolizunguka gari anatabasamu, nikasahau kusema."

Mteja alivumilia wiki moja, akaona kama amekalia benchi. Akalipeleka gari kwa fundi mwingine, viti vikapasuliwa na kujazwa sponji. Mzee Sufu alipopata habari alikimbia huko bila hata kufunga duka. Walikuwa wameshachoma takataka.

"Nilikuta harufu tu," anasema. "Na harufu ile naijua."

Gari lilikwenda kwenye maonyesho na sponji yake tumboni, likapewa zawadi ya uasili. Hakuna aliyepasua kiti kutazama.

Mama yake hajui. Kila Jumapili anauliza habari za godoro, na kila Jumapili anajibiwa kwamba bado kidogo. Juzi aliuliza kama lile gari bado linatembea. Mwanawe akasema linatembea. Bibi akacheka, akasema basi na litembee, marehemu alipenda sana magari na hakuwahi kumiliki hata moja.

Sasa fundi amepunguza mipango. Godoro zima hataliweza. Anataka kilo nne tu, za kujaza pale kiuno kinapolala, na sponji ibaki kichwani na miguuni.

"Nikizipata," anasema, akichomoa uzi mwingine kwenye kochi, "nitamwambia nimezitoa kwenye lile gari, ni zilezile za baba."

Anawasha kiberiti.